Miezi mitatu na programu ya simu ya vitenzi vya Kiingereza: hodari wa matumizi, dhaifu wa maana

Kipimo changu cha kwanza kwa kamusi, kitabu au programu yoyote inayodai kufundisha vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili ni “go off”. Saa ya kengele ikianza kulia alfajiri, Mwingereza husema imefanya “go off”. Taa zikizimika, nazo zimefanya “go off”. Bomu likilipuka, maziwa yakichacha, mtu akiondoka bila kuaga, au akaacha kukipenda chakula alichokuwa akikishabikia, yote hayo hubebwa na maneno yaleyale mawili. Programu ninayoihakiki hapa, ambayo nimeitumia kwa miezi mitatu nikiwa nimeilipia, ilinipa neno moja tu: “lipuka”. Nilipofika kwenye jaribio lenye sentensi “The lights went off at ten”, jibu lililohesabiwa kuwa sahihi lilisema kwamba taa zililipuka saa nne.

Ningeweza kuifuta siku ileile. Sikuifuta kwa sababu upande mwingine wa programu hiyo, yaani ule unaofundisha namna ya kuviweka vitenzi hivi ndani ya sentensi, umetengenezwa kwa ustadi ambao sijauona mahali pengi. Kwa hiyo uhakiki huu unakwenda pande mbili. Sitaitaja programu yenyewe kwa jina, maana dosari zake ni za ukoo mzima wa programu za namna hii, na msomaji anaweza kuchukua vipimo ninavyovieleza na kuipimia ile aliyo nayo mkononi.

Kwanza nieleze ninachokizungumzia. Sarufi ya Kiingereza ina kundi la vitenzi linaloitwa “phrasal verbs”, ambamo kitenzi kifupi cha kila siku, kama vile “put”, “take”, “give” au “look”, hufuatwa na kijineno kama “up”, “off”, “out” au “over”, na viwili hivyo kwa pamoja hupata maana ambayo mara nyingi haipatikani kwa kukijua kila kimoja peke yake. Kwa urahisi nitaviita vitenzi vya mkia. Ugumu wake kwa wageni ni jambo la zamani. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya Kiingereza ya mwaka 1755, alieleza kwamba muungano huu wa kitenzi na kijineno ndio unaowapa wageni shida kubwa kuliko yote, na akasema kuwa alivikusanya kwa uangalifu mkubwa ili wanaojifunza wasikwame tena. Miongoni mwa mifano yake alitaja “take off” kwa maana ya kuiga, maana ambayo ingali hai hadi leo, ingawa wanafunzi wengi hukutana kwanza na ndege inayopaa au mtu anayevua koti.

Programu yenyewe hufanya kazi kwa kadi. Upande mmoja wa kadi una kitenzi na sauti ya kukisoma. Upande wa pili una tafsiri ya Kiswahili na sentensi moja ya mfano. Kadi ulizokosea hurudi baada ya muda mfupi, ulizopatia hurudi baada ya siku kadhaa, na kila jioni hutumiwa ukumbusho. Mtindo huu wa kurudiarudia kwa vipindi vinavyorefuka ni mzuri kwa kumbukumbu, na sina la kuulaumu. Lawama yangu ni kwa kile kinachorudiwa. Ukirudia jambo lililopotoka mara kumi na tano, unalikumbuka likiwa limepotoka vilevile, tena kwa uthabiti zaidi.

Tuchukue “give up”. Kadi inasema “kata tamaa”, na kweli hiyo ni tafsiri nzuri, kwa kuwa Kiswahili nacho hapo kimetumia nahau: hakuna anayeshika kisu na kuikata tamaa vipande. Lakini sentensi inayofuata kwenye mazoezi ni “He gave up smoking”, na programu inataka ijibiwe kwamba amekata tamaa ya kuvuta sigara, jambo ambalo kwa Kiswahili lingemfanya mtu huyo aonekane amezitafuta sigara kwa muda mrefu na kuzikosa. Ameacha kuvuta sigara, basi. Na katika “She gave up her seat”, hakuna tamaa wala kukata: amempisha mtu kiti. Maana zote tatu zina shina moja, nalo ni kuachilia kitu ulichokuwa umekishikilia, kiwe tumaini, mazoea au nafasi. Kadi ambayo ingeeleza shina hilo kwa mstari mmoja, kisha ikaonyesha matawi yake matatu, ingemfaa mwanafunzi kuliko kadi tatu zenye neno mojamoja, sembuse kadi moja yenye neno moja.

Hapa ndipo penye jambo lililonisumbua kuliko mengine yote katika programu hii, na ambalo linanifanya niamini kwamba walioitunga hawakumfikiria kabisa msemaji wa Kiswahili licha ya kuweka tafsiri za Kiswahili. Msemaji wa Kiswahili haji kwenye somo hili mikono mitupu. Yeye amezaliwa katika lugha ambayo kitenzi hubadili maana kwa kubadilishwa mkia. Funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, tega na tegua, vaa na vua: hakuna mtoto aliyefundishwa jozi hizi kama maneno mawili yasiyohusiana. Anausikia mkia na kuitambua kazi yake, kwamba umekuja kutengua kile kilichofanywa na shina. Tofauti ni kwamba Kiswahili hukishona kiambishi ndani ya neno, ilhali Kiingereza hukiacha kijineno kikining’inia nje, na mara nyingine hukipeleka mbali hadi mwisho wa sentensi. “Put on” na “take off” kwa nguo ni vaa na vua. “Do up” na “undo” kwa vifungo ni funga na fungua.

Vilevile, asiyeona mantiki katika “make up” anapaswa kukumbuka “piga”. Tunapiga simu, pasi, picha, kura, mbizi, chafya na magoti, na katika yote hayo hakuna anayepigwa. Tunakula kiapo, hasara na njama bila kutafuna chochote. Kitenzi kifupi kilichotumika sana hupoteza uzito wake wa asili na kuwa kama mpini, na kile kinachofuata ndicho kinachobeba makali. Katika Kiingereza “put”, “get”, “set” na “take” ni mipini ya aina hiyo, na makali yapo kwenye kijineno. Laiti programu ingemwambia mwanafunzi jambo hili siku ya kwanza, asingeanza kwa kuhisi kwamba amekabidhiwa gunia la nahau zisizo na kichwa wala miguu.

Badala yake kadi zimepangwa kwa alfabeti ya vitenzi. Unaanza na “act up”, unapita “add up”, unaingia kwenye “back”, na wiki tatu baadaye bado unahangaika na “break”. Mpangilio huu una makosa mawili. La kwanza ni kwamba haujali ni vitenzi vipi vinavyotumika zaidi. Dee Gardner na Mark Davies, katika utafiti walioutoa mwaka 2007 wakitumia mkusanyo wa maneno milioni 100 ya Kiingereza cha Uingereza, walionyesha kwamba vitenzi 20 tu vikiunganishwa na vijineno 8 huchukua zaidi ya nusu ya matukio yote ya vitenzi vya mkia katika mkusanyo huo. Kilichoongoza ni “go on”, kikifuatiwa na “carry out”. Kwa hesabu hiyo, mwanafunzi aliyebakiwa na muda mfupi kabla ya mtihani au usaili wa kazi anajua pa kuanzia. Katika programu hii, hata hivyo, hukutani na “go on” mpaka uwe umepita herufi sita za mwanzo.

Kosa la pili ni kwamba alfabeti ya vitenzi huvitawanya vijineno, na vijineno ndivyo vyenye kufundishika. Chukua “up” katika “eat up”, “drink up”, “use up” na “burn up”. Kila mara kijineno hicho kinasema kwamba tendo limefika mwisho wake na hakikubaki kitu. Ndicho tunachokisema tunapoongeza “chote”, “kabisa” au “pomoni”. Ukiiona mifano hiyo minne kwa pamoja, wa tano utaukisia bila kufundishwa. Ukiiona ikiwa imetenganishwa na majuma manne ya kadi nyingine, huoni chochote.

Turudi kwenye “go off”, kwa kuwa nilijaribu mwenyewe kufanya kile ambacho programu haikufanya. “Off” kwa asili ni kutoka mahali ulipokuwa umegusa au umeshika. Saa ya kengele huwa imetegwa, bomu huwa limetegwa, na bunduki huwa imekokiwa. Vyote vitatu, wakati wake ukifika, hufyatuka. Taa huwa zimeshikana na umeme; mshikano ukikatika, zinazimika. Maziwa huwa katika hali yake njema, kisha yakatoka katika hali hiyo. Mtu alikuwa hapa, sasa ameondoka. Alipenda chakula fulani, sasa moyo wake umetoka kwacho. Sidai kwamba kila maana ya kila kitenzi itakubali kufuatiliwa namna hii, na wala sidai kwamba mwanafunzi ataweza kuzibuni zote peke yake, ila ninachokiona ni kwamba akishaonyeshwa njia hiyo mara moja, hatachagua tena jibu la taa kulipuka.

Kuna pahali pia ambapo njia hii hugonga mwamba, na mhakiki mwaminifu hana budi kupataja. Fomu hujazwa kwa “fill in” na hujazwa kwa “fill out”, ya kwanza ikipendwa zaidi Uingereza na ya pili Marekani, na kati ya ndani na nje hapo hakuna tofauti ya maana. Gari hupunguza mwendo kwa “slow down”, na wapo wasemao “slow up” kwa maana ileile. Nyumba ikiteketea hadi chini huambiwa “burn down”, ilhali karatasi huambiwa “burn up”, na hapo bado unaweza kueleza kwamba kimoja kinatazama kuanguka kwa jengo na kingine kinatazama kuisha kwa kitu. Kisha ipo mitego halisi: “look over” ni kupitia kitu kwa macho ili ukikague, lakini ukikitanguliza kijineno na kukiunganisha, “overlook” ni kutokiona kitu au kukifumbia macho. “Take over” ni kushika hatamu, “overtake” ni kupita kilichokutangulia. Programu haigusi jozi hizi hata kidogo.

Sasa nije kwenye sifa, nazo si ndogo. Sehemu ya mazoezi ya sentensi inafundisha mahali pa kumweka mtendwa, yaani kitu au mtu anayetendewa, kwa namna iliyonifanya nisamehe mengi. Katika Kiingereza unaweza kusema “turn off the light” au “turn the light off”, na zote mbili ni sahihi. Lakini mtendwa akiwa kiwakilishi, ni lazima akae katikati, “turn it off”, na atakayesema “turn off it” atasikika mgeni papo hapo. Upande mwingine kuna vitenzi visivyokubali kupasuliwa: utasema “look after him”, kamwe si “look him after”. Programu haikupi kanuni kwanza. Hukupa vipande vya sentensi vilivyotawanyika uvipange, hukuonyesha umekosea wapi, na baada ya mazoezi kama kumi hivi ndipo hukuletea kanuni kwa sentensi mbili fupi. Kufikia hapo kanuni unaiona kama jina la jambo ambalo tayari unalijua.

Zoezi lililonifurahisha kuliko yote linatumia “run up”. Unapewa “run up a hill” na “run up a bill”, sentensi mbili zinazofanana kama pacha, ya kwanza ikiwa ni kupanda kilima mbio na ya pili ni kulimbikiza deni. Kisha unatakiwa ujaribu kumhamisha mtendwa. “Run a bill up” inakubalika. “Run a hill up” haikubaliki. Kwa jaribio hilo dogo mwanafunzi anagundua kwamba katika kilima, “up” ni kihusishi kilichoambatana na nomino inayofuata, na katika deni, “up” ni mkia wa kitenzi. Nimesoma maelezo ya kurasa kadhaa juu ya tofauti hii ambayo hayakuniachia hata robo ya uelewa huo.

Imeshughulikia vizuri pia mtendwa mrefu. Ukiwa na kitu kilichoelezwa kwa maneno mengi, Kiingereza hakipendi kukibana katikati ya kitenzi na mkia wake, hivyo utasema “She turned down the offer that her former employer had made” na si vinginevyo. Halikadhalika vile vya maneno matatu, kama “put up with”, ambacho ni kuvumilia, na “look forward to”, ambacho hufuatwa na nomino au kitenzi chenye “-ing” kwa kuwa “to” yake ni kihusishi. Kosa la kuandika “I look forward to meet you” limejaa katika barua za maombi ya kazi, na programu inalirudia kwa ukali unaostahili.

Sauti ni hadithi nyingine. Katika vitenzi vya mkia vya kweli, mkazo kwa kawaida huangukia kwenye kijineno, na nomino inapozaliwa kutokana na kitenzi hicho, mkazo huhamia mwanzo: gari linapofanya “break down” unasikia uzito mwishoni, lakini “breakdown” yenyewe, ikiwa jina la tukio, ina uzito mwanzoni. Sauti ya mashine iliyomo humu hutamka vyote kwa namna moja. Tofauti hiyo hiyo huonekana katika maandishi, kwani kitenzi huandikwa maneno mawili na nomino huandikwa neno moja, kama “set up” na “setup”, na sikuweza kujizuia kutabasamu nilipotambua kwamba kitufe cha kuingilia kwenye programu hii ya kufundisha vitenzi vya mkia kimeandikwa “Login”, mahali ambapo anayeamrishwa kutenda alitakiwa aambiwe “Log in”.

Jambo jingine linalohitaji kusahihishwa ni alama ya “si rasmi” iliyobandikwa kwenye karibu kila kadi. Ni kweli kwamba mara nyingi Kiingereza kina jozi, moja ya mkia na nyingine iliyotoka Kilatini: “put out” na “extinguish” kwa kuzima moto, “put off” na “postpone” kwa kuahirisha, “put up with” na “tolerate” kwa kuvumilia. Ni kweli pia kwamba ile ya Kilatini huvaa suti. Lakini “carry out” na “point out” zimejaa katika ripoti za utafiti, na mwandishi atakayeziepuka kwa kuogopa alama hiyo ataishia kuandika Kiingereza kigumu kisicho na sababu ya kuwa kigumu. La kuchekesha ni kwamba “postpone” yenyewe, ukiivunja kwa Kilatini chake, ni kuweka baada, yaani kitenzi cha kuweka pamoja na kijineno. Ni kitenzi cha mkia kilichovaa suti.

Kwa upande wa huduma, sina mengi. Programu hufanya kazi bila intaneti ukishapakua kadi, jambo jema. Kujiunga ni kubonyeza mara moja. Kujitoa kulinitaka niandike barua pepe mbili na kusubiri. Toleo la bure lina matangazo, lakini mazoezi ya sentensi, ambayo ndiyo kito cha programu, yamo humo karibu yote. Kinacholipiwa hasa ni wingi wa kadi, na wingi huo ndio wenye thamani ndogo.

Kwa hiyo anayenuia kuitumia namshauri achukue toleo la bure kwa ajili ya mazoezi, na maana azitafute katika kamusi kubwa yoyote ya wanafunzi wa Kiingereza, ya karatasi au ya mtandaoni. Nyingi ya kamusi hizo huweka vitenzi vya mkia mwishoni mwa maelezo ya kitenzi mama, huzitenga maana kwa namba, na hutumia alama “sth” kwa kitu na “sb” kwa mtu. Ukiona “put sth off” imeandikwa sambamba na “put off sth”, umeshaambiwa kwamba mtendwa anaweza kukaa pande zote mbili. Ukiona “look after sb” peke yake, umeambiwa usimpasue. Wengi huzipita alama hizo kama wapitavyo namba za kurasa, na humo ndimo ilimo nusu ya matumizi. Mwalimu anayetaka zana ya darasani atapata faida kubwa zaidi katika mazoezi ya “run up” kuliko katika kadi zote zikijumlishwa. Anayejiandaa kwa mtihani wa mazungumzo aiepuke sauti yake kabisa.

Mimi nimesitisha malipo, nimebaki na toleo la bure, na pembeni nina daftari lenye ukurasa mmoja kwa kila kijineno. Kabla ya kujitoa niliwaandikia wenye programu kuhusu kadi ya “go off”, nikawapa mifano ya saa ya kengele, taa na maziwa. Walinijibu kwa adabu, na baada ya wiki mbili kadi ilikuwa imebadilishwa. Sasa inasema “lipuka, lia”. Nilijaribu tena sentensi ya taa: safari hii, saa nne, zililia.